Kilo nyingi, shilingi chache: Hoja ya kupunguza chai Kericho na Bomet

UKAME ulipozikumba sehemu nyingi za Kenya mwaka 2015, mavuno ya majani chai yalishuka kutoka kilo milioni 445 za mwaka uliotangulia hadi kilo milioni 399. Kwa hesabu ya kawaida, huo ulistahili kuwa mwaka wa kilio katika maeneo ya Kericho na Bomet. Mambo yakawa kinyume. Fedha ambazo taifa lilipata kwa kuuza chai ng'ambo zilipanda kutoka Sh101 bilioni hadi Sh125 bilioni.

Hali hiyo ilijirudia miaka miwili baadaye. Kiangazi kilipunguza mavuno ya 2017 hadi kilo milioni 440, kutoka kilo milioni 473 za 2016, lakini mapato ya nje yakaongezeka kutoka takriban Sh120 bilioni hadi Sh129 bilioni.

Kisha ikaja picha ya upande wa pili. Uzalishaji ulifika kilo milioni 570 mwaka 2023 na kilo milioni 598 mwaka 2024, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana nchini. Chai iliyosafirishwa nje iliongezeka kutoka kilo milioni 523 hadi kilo milioni 594. Kwa nyongeza hiyo ya kilo zaidi ya milioni 70, mapato yalipanda kwa Sh1 bilioni hivi pekee, kutoka Sh180.6 bilioni hadi Sh181.7 bilioni.

Si haki kudai kwamba wingi wa mavuno ndio sababu pekee. Chai huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, nayo shilingi ilidhoofika mwaka 2015 na kuimarika sana mwaka 2024. Hata hivyo, ukiondoa athari ya sarafu, mwelekeo unabaki ule ule: kilo zilipopungua, dola ziliongezeka, kilo zilipofurika, dola zilijikokota nyuma yake.

Takwimu hizi zinaupa uhai mjadala ambao kwa miaka mingi umeonekana kuwa wa wasomi wa Ulaya, yaani iwapo jamii inaweza kunufaika kwa kuzalisha na kutumia kidogo zaidi, badala ya kukimbizana na ukuaji wa uchumi usio na kikomo.

Fikra hiyo ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971, mwanauchumi mzaliwa wa Romania, Nicholas Georgescu-Roegen, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba uchumi hauwezi kukwepa kanuni za maumbile kuhusu nishati na malighafi. Mwaka uliofuata, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walitoa ripoti kwa Klabu ya Roma wakionya kuhusu mipaka ya ukuaji, na mwanafalsafa André Gorz wa Ufaransa akaanza kutumia neno la Kifaransa décroissance, yaani kupunguza ukuaji kwa hiari.

Watetezi wake wa sasa, akiwemo Jason Hickel aliyezaliwa Eswatini, husisitiza kwamba mzigo wa kupunguza ni wa mataifa tajiri, wala si wa mataifa maskini ambayo bado yanahitaji shule, hospitali na barabara. Hapo ndipo eneo la chai linapoleta utata. Mkulima wa Konoin au Bureti si tajiri, lakini zao lake halimlishi yeye. Huenda kwenye vikombe vya watu wa mbali. Wakenya wenyewe hunywa chini ya asilimia 10 ya chai inayozalishwa nchini.

Sababu ya bei kuporomoka chai inapozidi haina fumbo. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku hataanza kunywa sita kwa kuwa bei imepungua nusu. Kiu ya dunia huongezeka polepole, sambamba na idadi ya watu, ilhali mashamba yanaweza kupanuka kwa kasi na mbolea ikaongeza mavuno katika msimu mmoja. Kila kilo ya ziada inayofika Mombasa huishusha bei ya kilo zilizotangulia.

Mpango wa 1933

Kupunguza chai kwa makusudi kuliwahi kujaribiwa, na mashamba ya Kericho yaliguswa.

Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kericho ilingoja. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa jeshi la Uingereza waliopata ulemavu vitani ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, mradi ukafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na kupanda chai.

Hazikuwa zimevuna kwa muda mrefu kabla ya mdororo mkuu wa uchumi duniani kufika. Maghala ya London yalijaa chai isiyo na wanunuzi. Wazalishaji wa India, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na makoloni ya Uholanzi ambayo leo ni Indonesia, walijaribu mwaka 1930 kupunguza mavuno kwa kuaminiana. Jaribio hilo lilisambaratika, maana kila mmoja alitarajia jirani ndiye apunguze.

Februari 1933 walitia saini mkataba wenye meno. Kila nchi ilipewa kiwango cha kuuza nje, na mwaka wa kwanza kiwango hicho kilikuwa asilimia 85 ya kiasi cha juu zaidi ambacho nchi hiyo iliwahi kuuza kati ya 1929 na 1931. Upanuzi wa mashamba ulizuiwa karibu kabisa. Serikali ziliweka sheria za kuusimamia, jambo ambalo halikuwepo mwaka 1930.

Wazalishaji hao walitambua mara moja kwamba mpango wao ungevuja iwapo Afrika Mashariki ingeendelea kupanda. Mwaka 1934, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikubali kuwekea mipaka mashamba mapya.

Bei ilipanda. Kwa kipimo hicho, mpango ulifaulu, nao uliongezwa muda mara kadhaa hadi ulipokufa mwaka 1955. Inafaa kukumbuka pia kwamba wenye mashamba hawakuamini upunguzaji peke yake. Mwaka 1935 walianzisha jijini London bodi ya kimataifa ya kueneza unywaji wa chai, ili siku moja dunia iwe na kiu ya kutosha kuyameza mavuno yote. Kwao, kupunguza kulikuwa dawa ya muda, ukuaji ndio uliobaki kuwa afya.

Lakini nani aliyelipa? Si kampuni zilizokuwa tayari na michai ardhini. Hizo zilipata bei bora kwa mavuno yale yale. Aliyefungiwa mlango ni yule ambaye hakuwa amepanda bado. Leseni za chai nchini Kenya zilibaki mikononi mwa kampuni na walowezi, na Mkipsigis aliyeishi mpakani mwa shamba la Brooke Bond aliruhusiwa kuchuma chai ya mwenzake lakini si kupanda yake. Mwaka huo huo wa 1934, ukoloni ulipitisha sheria ya kuwahamisha Watalai kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Sheria hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa moja kwa moja, ila zinaonyesha ni kwa sauti ya nani mambo ya ardhi yaliamuliwa wakati huo.

Ndiyo maana wakulima Waafrika waliporuhusiwa hatimaye kupanda chai katika miaka ya 1950, chini ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, kila mche mpya ulikuwa ushindi. Mwaka 1964 iliundwa Mamlaka ya Ustawi wa Majani Chai, KTDA, ambayo iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima mwaka 2000. Leo inahudumia wakulima zaidi ya 600,000 na kusimamia viwanda vinavyofahamika na kila mkazi wa eneo hilo, vikiwemo Litein, Momul, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga. Kumwambia mtu ambaye babu yake alinyimwa leseni kwamba sasa imefika zamu ya kupunguza ni jambo linalohitaji ujasiri mkubwa, na pengine ukosefu wa haya.

Bei bila mipaka ya kilo

Majaribio yaliyofuata yalikuwa dhaifu zaidi. Mwaka 1969 nchi zinazozalisha chai zilikutana Mauritius chini ya shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na kukubaliana viwango vya mauzo ya nje vya mwaka 1970. Mataifa ya Afrika, yakiwa na mashamba machanga, hayakutaka kufungwa na viwango vilivyopimwa kwa ukubwa wa wakati huo, na utaratibu huo haukudumu. Januari 2013 lilizinduliwa jijini Colombo jukwaa la nchi zinazozalisha chai, Kenya ikiwemo, lakini halikupewa uwezo wa kumzuia yeyote kuzalisha.

Kenya ilipojaribu peke yake, ilishika mkia wa tatizo. Julai 2021, chai ya viwanda vya KTDA iliwekewa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Mwanzoni wakulima walifurahia. Lakini bei ilikuwa imewekewa sakafu bila kilo kuwekewa dari. Chai iliyokataliwa na wanunuzi ilirundikana katika maghala ya Mombasa, na chai haina tabia ya kuboreka inapongoja. Wanunuzi waligeukia chai ya bei nafuu kutoka kwingineko, na mwaka 2024 sakafu hiyo ikaachwa ili shehena zipate kuuzwa.

Shehena hizo zilipoingia sokoni pamoja na mavuno makubwa ya mwaka huo, pigo liliangukia zaidi viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa. Bonasi za Kericho na Bomet zilikuwa chini mno zikilinganishwa na zile za maeneo ya Mlima Kenya, na malalamiko yakatanda.

Wakati huo huo, wanywaji nao wana uwezo wa kupunguza. Juni 2022, waziri Ahsan Iqbal wa Pakistan aliwaomba raia wa nchi hiyo wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku ili kuokoa fedha za kigeni. Wengi walimcheka. Kwa Kericho halikuwa jambo la kuchekesha, kwa kuwa Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa zaidi wa chai ya Kenya. Vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 viliathiri soko jingine muhimu. Upunguzaji wa aina hii huja bila kumwuliza mkulima, naye huupokea akiwa na michai ile ile na madeni yale yale ya mbolea.

Majani mawili na chipukizi

Kuna upunguzaji mwingine ambao hauhitaji mkutano wa Colombo wala idhini ya London. Uko kwenye ncha za vidole vya mchumaji.

Chai bora hutokana na majani mawili machanga na chipukizi lake. Anayechuma hivyo hurudi kwenye mchai huo huo baada ya siku saba hadi kumi hivi, na kikapu chake hakijai haraka. Anayengoja zaidi, au anayekwanyua majani matatu, manne na bua lake, hupata kilo nyingi kwa saa chache, lakini kiwanda hupata chai nyepesi isiyo na harufu wala rangi ya kuvutia. Kwa kuwa zinahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai, kasoro ndogo shambani huwa kubwa inapofika kwenye kikombe cha mwonjaji.

Utafiti wenyewe uliwahi kukabiliana na chaguo hilo. Kituo cha utafiti wa chai kilicho Kericho, ambacho historia yake inaanzia 1951, kimetoa aina nyingi za miche. Mche wa 31/8 ulipata umaarufu kwa mavuno yake mengi, na 6/8 kwa ubora wa kikombe chake. Mwaka 2011 kilitoa mchai wa zambarau, TRFK 306, uliolenga soko dogo la bei ya juu. Viwanda kadhaa vimeongeza pia mitambo ya chai iliyosokotwa, badala ya kutegemea tu chai ya punjepunje inayosagwa kwa wingi.

Kama hesabu ni nyepesi hivyo, kwa nini mkulima wa Bomet hachumi vizuri? Jibu liko barabarani. Kericho na Bomet zina viwanda vingi vya kibinafsi ambavyo malori yake huzunguka vijijini na kulipa pesa taslimu. Karani wa kituo cha KTDA akikataa majani makuukuu, mkulima huyabeba hadi kwenye lori lililoegeshwa hatua chache mbele. Hakuna anayeweza kumlaumu. Karo ya shule haingoji bonasi ya Oktoba.

Kisha kuna hesabu ya kiwanda, ambayo watetezi wa upunguzaji huipita haraka. Kiwanda cha chai hula kuni, umeme, mishahara na riba ya mikopo hata siku ambayo majani ni haba. Gharama hizo hugawanywa kwa kilo. Kilo zikipungua kwa robo, gharama ya kila kilo iliyobaki hupanda, na bei ya mnada lazima ipande zaidi ya hapo ndipo mkulima aone tofauti. Kiwanda chenye deni kubwa hakina nafasi ya kujaribu, na viwanda kadhaa vya magharibi mwa Bonde la Ufa viko katika hali hiyo.

Upande wa mashamba makubwa, swali ni la ajira. Vibarua hulipwa kwa kilo, hivyo kumwagiza mchumaji achume kidogo na kwa uangalifu bila kubadilisha malipo ni kumkata mshahara. Kampuni nazo zimechagua njia nyingine ya kukabiliana na bei duni, ambayo ni mashine za kuchumia. Mashine moja huchukua nafasi ya wachumaji wengi, na haitofautishi chipukizi na bua kama mkono wa binadamu. Mei 2023, waandamanaji walichoma mashine kadhaa Kericho. Mashamba yenyewe yamebadilisha mikono: kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka ilinunua biashara ya chai ya James Finlay nchini mwaka 2023, huku sehemu ya hisa ikitengewa ushirika wa Wakipsigis, na mwaka 2024 ikatangaza mpango wa kununua mashamba ya Lipton ambayo awali yalikuwa ya Unilever na kabla ya hapo Brooke Bond.

Sri Lanka hiyo hiyo imetoa onyo kuhusu upunguzaji wa ghafla. Mwaka 2021 serikali yake ilipiga marufuku mbolea za kemikali pasipo maandalizi. Ingawa marufuku hayo yaliondolewa Novemba mwaka huo, uzalishaji wa chai ulianguka kutoka kilo milioni 299 mwaka 2021 hadi takriban kilo milioni 251 mwaka 2022, na wakulima wadogo ndio walioumia kwanza.

Msitu na michai

Hoja ya kupunguza haiishii kwenye bei. Mvua inayoilisha chai ya Kericho na Bomet hutegemea msitu wa Mau, na msitu huo umepungua. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi hiyo ili zigawiwe watu, ikiwemo sehemu ya upande wa Kusini Magharibi unaopakana na mashamba ya chai. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikuwa ameagiza kuanzishwa kwa mikanda ya chai ya Nyayo kandokando ya misitu, ili michai iwe ua dhidi ya wavamizi. Chai ilipewa kazi ya kuzuia upanuzi wa kilimo, ingawa yenyewe ni kilimo, na viwanda vyake vinahitaji kuni. Mikaratusi iliyopandwa kwa ajili hiyo nayo inatwaa ardhi ambayo ingeweza kutoa mahindi au malisho.

Mkulima anayetaka kupunguza hana sababu ya kung'oa. Mchai huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuleta mapato ya maana, kisha unaweza kudumu zaidi ya nusu karne, kwa hivyo aliyeung'oa kwa hasira ya bonasi duni hujuta bei inapopanda. Njia inayorudishika ni kupogoa. Mchai uliopogolewa hupumzika kwa miezi kadhaa, kisha hurudi na machipukizi mengi zaidi. Wakulima hufanya hivyo kila baada ya miaka mitatu au minne, kila mmoja kwa wakati wake. Viwanda vingeweza kupanga zamu za kupogoa ili kilo zipungue kwa pamoja wakati maghala ya Mombasa yamejaa, badala ya kungoja ukame ufanye kazi hiyo.

Kikwazo ni miezi hiyo ya kungoja. Baadhi ya wakulima wa Bomet wanaziba pengo hilo kwa ng'ombe wa maziwa, ambao soko lao ni pamoja na kiwanda cha New KCC kilichoko Sotik. Wasio na ng'ombe hutegemea malipo ya kila mwezi ya KTDA, ambayo huhesabiwa kwa kilo iliyopimwa kituoni. Kiwango cha malipo hayo ni kimoja kwa majani yote yaliyopita mikononi mwa karani, yawe yamechumwa kwa uangalifu au yamepenya kwa bahati.